Chungu anayetembea peke yake anajuaje njia ya kurudi shimoni?

mzee_wa_uani
Wakuu habari za jioni. Wale sisimizi wa foleni nawaelewa, ukifuta mstari wao kwa tambara lenye mafuta ya taa wanavurugika palepale maana wanafuata harufu. Sasa hawa weusi wakubwa kila mmoja anazurura kivyake, akiokota punje ya wali huyo anarudi kwake, hata nimwage maji njiani bado anafika. Anatumia nini?

Kipepeo_TZ
Macho mkuu. Wamechunguzwa sana wale wa jangwani Tunisia, Cataglyphis, kule mchanga unaunguza na harufu haidumu. Dira yao ni jua. Mwaka 1911 daktari Mswisi aliyekuwa anaishi hukohuko, Felix Santschi, alimkinga chungu jua akamulika kwa kioo toka upande wa pili, jamaa akageuza safari. Na hatua wanahesabu, 2006 watafiti waliwagandishia miguuni vijiti vya nywele za nguruwe wakati wa kurudi, hatua zikawa ndefu, wakapitiliza shimo 😂

dada_mdudu
Hiyo ni dira na hesabu, njia yenyewe bado. Australia ya kati kuna Melophorus bagoti, wanaishi kwenye manyasi ya vichakavichaka na kila mmoja ana njia yake ya kwenda na nyingine ya kurudi, ukimdaka anakaribia kuingia shimoni ukamrudisha kule alikotoka anaifuata tena ileile wakati hesabu ya hatua ilishaisha, yaani ameikariri kwa macho. Macho yenyewe yanaona ukunguukungu, ila anashika mandhari nzima, hasa pale miti inapokutana na anga. Tena anajifunza kwanza, kabla hajaanza kazi anatoka anazungukazunguka karibu na mlango, anasimama, anageuka kulitazama shimo, anasogea kidogo, anageuka tena.

Bushiri_jr
Na siafu je?

dada_mdudu
Siafu vibarua hawana macho kabisa, ni harufu tu na kugusana.

mzee_wa_uani
Asante sana dada. Naweza kuwajaribu hapa uani?

dada_mdudu
Weka ndoo mbili, moja kila upande wa shimo, ziache siku kadhaa halafu zihamishe wakiwa mbali. Wale wa Tunisia walizoeshwa mitungi miwili hivyohivyo, walipopelekwa uwanja mwingine wakawa wanalitafuta shimo katikati ya mitungi. Ila kwako kama kuna ukuta na miembe wanaweza wakazipuuza ndoo zako.