Kikundi kipya cha maigizo Mtwara: aongoze mwenye cheti au aliyekulia ngomani?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Tuko vijana saba tunaanzisha kikundi cha sanaa za maonyesho, na kabla hata ya kwenda kujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, tumekwama kwenye mstari mmoja wa katiba: mwenyekiti na mwongozaji lazima wawe na cheti cha sanaa. Mimi sasa siutaki.

Wenye cheti ni wawili, wametoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Siwadharau. Wanajua kupanga jukwaa na kuandika maombi ya fedha, kazi ambayo sisi wengine tukiijaribu inatoka kama barua ya kuomba ruhusa ya msiba. Waliobaki: mmoja ametoka kwaya ya kanisa huko Ndanda. Mmoja ni mvuvi wa Shangani anayesherehesha harusi za mtaani. Mmoja mwalimu wa sekondari, tamthilia kwake ni maswali ya mtihani. Mimi nauza vocha. Wa saba ni kijana wa Newala aliyekulia kwenye midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, anacheza juu ya ngongoti, yaani miti mirefu, kama sisi tunavyotembea sokoni.

Hoja yangu: Chuo cha Bagamoyo kilianza mwaka 1981, baada ya kuvunjwa kwa kikundi cha ngoma cha taifa. Kikundi hicho ndicho kilichoizungusha sindimba mpaka nchi nzima ikaijua, na sindimba ni ya huku, ya Wamakonde. Ujuzi umetoka kwetu, umezunguka, umerudi una mhuri. Leo mwenye mhuri ndiye ampime aliyeutoa?

Mdau, Lindi

Mkuu, hapo umependelea. Ebrahim Hussein ni mtu wa mkoa wetu huu wa Lindi, akasoma Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaenda hadi Ujerumani Mashariki kuchukua udaktari. Tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, ni ya Maji Maji, vita vilivyoanzia huku huku Umatumbini. Kusoma kulimwondolea nini cha kwao?

Halafu mnaogopa jambo lisilo lenyewe. Kikundi chetu hakikufa kwa kukosa vipaji, kilikufa kwa hesabu. Tuliigiza kampeni za miradi, posho zikaingia, risiti hatukuziona. Mweka hazina alikuwa shemeji wa mwenyekiti. Mkienda halmashauri kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambayo 4 ni ya vijana, hamtaulizwa nani anacheza ngongoti. Mtaulizwa katiba, mihutasari ya vikao na akaunti ya benki. Mwekeni anayejua kushika daftari, awe wa Bagamoyo au wa baharini.

Mdau, Newala

Mimi nimepita jando, nasema kidogo tu.

Mnaitaja midimu kama kanzu ya kuazima. Zamani mwanamke, na mtoto ambaye hajaingia jandoni, hakutakiwa hata kujua kwamba ndani ya kinyago kile kuna mtu. Leo tunacheza mchana kwenye sherehe za serikali, watu wanapiga picha, sawa, mengi yamelegea. Lakini ziko nyimbo siimbi mbele yenu hata mnilipe.

Nilishawahi kuingia kikundi cha mjini. Mwongozaji, msomi mzuri tu, akaniambia mazoezini, "Vua kinyago, hadhira ione hisia zako." Sikumjibu. Kesho yake sikwenda, nikaandikwa mtoro. Hakuna aliyeniuliza. Kwake kinyago ni kifaa cha jukwaani, alifundishwa hivyo na hakukosea kwa upande wake. Kwangu mimi kukivua mbele ya watu ni jambo la kwenda kuuliza wazee kwanza, na wazee hao hawamo kwenye katiba yoyote niliyowahi kusainishwa.

Ila na mleta mada asitukuze kupita kiasi. Kuzaliwa Newala hakumfanyi kila kijana kuwa fundi. Wengine tulikuwa tunabeba ngoma tu.

Mdau, Masasi

Saba, wanawake wangapi? Maana unyagoni nimeona makungwi wakiigiza mume mlevi na mke mvivu mpaka watu wanashika mbavu, na hakuna aliyewapa cheti wala kuwaita wasanii. Yasiyosemwa sitayasema. Nauliza tu, mazoezi yenu saa ngapi? Mkianza saa mbili usiku mtabaki wanaume watupu, mseme wasichana hawana moyo.

Mleta mada

Dada yangu, wanawake wawili: mmoja wa Bagamoyo na yule mwalimu. Mazoezi saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu. Nimekuelewa.

Kaka wa Newala, kijana wetu naye amepotea wiki mbili, na kweli tumemwandika mtoro. Kesho nampigia.

Mkuu wa Lindi, umetaja mihutasari, nikaenda kulifungua daftari. Mstari ule ulipitishwa kikao cha Novemba. Kijana wa Newala alikuwa kwao anaokota korosho za mama yake. Wa kwaya naye yuko Ndanda, korosho hizo hizo. Mvuvi alikuwa baharini, maana ulikuwa mwezi wa giza, dagaa wanafuata taa, na mwenye chombo hamsubiri mtu mwenye kikao. Tulikaa wanne: wawili wa Bagamoyo ambao nyumbani kwao kuna mshahara, mwalimu ambaye mshahara ni wake, na mimi mwenye kibanda hatua chache kutoka ukumbini.

Kura nne za ndiyo. Sahihi yangu ni ya tatu.