Chui milia wa India mwezi wa Aprili: lenzi ya 600mm inatosha? Mbinu za kupiga picha simba zinasaidia?

Lenzi_Manyara
Wakuu, salaam. Mwisho wa Aprili naenda India kupiga picha chui milia, siku tatu hifadhi ya Ranthambore na siku nne hifadhi ya Bandhavgarh. Mpaka sasa begi lina bodi moja (kamera bila lenzi) ya fulu-fremu, yaani yenye sensa kubwa, lenzi za 600mm f/4 na 24-70mm, na tripodi. Simba na duma nawafahamu, ila huko ni msitu na gari haliruhusiwi kutoka barabarani. Je, 600mm inatosha? Nianze na shata (kasi ya kupiga) na ISO (unyeti kwa mwanga) ngapi? Na huyu mnyama anatafutwaje pasipo na tambarare ya kumwonea mbali?

Kivuli_cha_Mwanzi
Tripodi iache nyumbani. Gari la huko ni Gypsy, jeep ndogo ya wazi: abiria sita, dereva na mwongoza wageni. Ukifungua miguu mitatu hakuna atakayepata pa kuweka goti. Beba mfuko mtupu wa kitambaa wenye zipu, ukifika ujaze kilo mbili au tatu za mchele au dengu, uulaze juu ya bomba la kushikilia la gari na lenzi juu yake. Halafu dereva azime injini. Injini ikiwaka, hata picha ya shata 1/1000 ya sekunde inaweza kutoka na ukungu, ukaenda kulaumu lenzi bure.

600mm peke yake itakuumiza. Chui milia hupenda kutembea barabarani, hasa alfajiri, maana vumbi laini haliumizi nyayo na ndiyo njia yake ya kukagua eneo lake. Sasa hivi yuko mita 60, kidogo tu yuko mita 8 na umebaki na picha ya pua. Lenzi ya kazi ni 100-400 au 150-600. Azima bodi ya pili uifunge 70-200, wala usibadilishe lenzi ndani ya gari. Vumbi la Ranthambore ni kama unga, likiingia kwenye sensa kila picha ya anga itakuwa na madoadoa. Kati ya tukio na tukio funika kamera kwa kikoi.

Kantar, lile gari la watu 20, liepuke. Mtu mmoja akisimama, wote mnayumba.

DiraYaUsiku
Hapo kwenye 600mm tutofautiane kidogo, mkuu. Kwenye Gypsy jicho lako liko kama mita 2 kutoka chini, la chui milia kama sentimita 80. Akiwa mita 10 unamtazama kwa kushuka karibu nyuzi 7, na picha inaonyesha mgongo. Akiwa mita 30 ni nyuzi 2 na kidogo, yaani kama umepiga magoti mbele yake. Kwa hiyo anapokuja barabarani, mwombe dereva asonge mbele mapema, asimame mbali na kuzima injini, upige anapokukaribia. Kusubiri apite ubavuni ni kosa la wengi, na dereva anayetaka bakshishi atakusogeza karibu bila hata kuulizwa. Mwambie mapema unachotaka.

Hatari ya 600 ni kina cha fokasi. Kwa f/4 na mita 10, eneo lililo kali ni sentimita 6 au 7 tu, na kutoka pua hadi jicho ni zaidi ya hapo. Funga tundu la lenzi mpaka f/8.

Sikio_Msituni
Kuhusu kumtafuta: simba unamwona, huyu unamsikia. Kwa usahihi zaidi, unawasikia wanaomwona. Chital, kulungu wenye madoa, ndio wa kwanza kupiga kelele, lakini hushtuka hata kwa mbwa mwitu, kwa hiyo mlio mmoja si habari. Langur, jamaa yake mbega, anakohoa akiwa juu ya mti na anaona mbali. Angalia uso wake umeelekea wapi. Sambar, kulungu mkubwa, ndiye shahidi wa kuaminika: mlio mmoja mzito kama honi fupi, mkia juu, mguu wa mbele unakanyaga chini. Akirudia-rudia mahali pamoja, zimeni injini mkae kimya dakika 20. Wanaokimbiza kila mlio hurudi na picha za vumbi.

Nyayo nazo zina saa yake. Zikiwa juu ya alama za tairi za asubuhi hiyo, amepita baada ya gari lililotangulia. Tairi zikiwa juu ya nyayo, huenda amepita usiku.

Lenzi_Manyara
Ahsanteni sana. Na mwanga? Huko Aprili naambiwa ni tanuri.

Kivuli_cha_Mwanzi
Joto linaweza kupita nyuzi 40, na hilo ndilo linalowaleta chui milia kwenye maji. Zamu za kuingia hifadhini ni mbili, alfajiri na alasiri. Dakika za mwanzo chini ya miti ya sal ya Bandhavgarh, anza na 1/500 na ISO 3200 hadi 6400. Akitembea kwenye mwanga, 1/1000, akikimbia 1/2000. Kwenye kivuli kamera huona giza na kuongeza mwangaza, kisha yale mabaka meupe ya shavuni na juu ya macho yanaungua. Punguza mwangaza kwenye kamera kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga) hadi stopu nzima. Kwenye nyasi za njano zenye jua iache sifuri. Kuanzia saa tatu asubuhi hewa ya moto inachezacheza juu ya ardhi, na aliye mita 100 hatoki mkali kwa lenzi yoyote ile. Piga wa karibu tu.

Fokasi ya kutambua jicho hung'ang'ania majani yaliyo mbele yake. Weka kitufe cha kuhamia nukta moja ndogo ya fokasi.

Vibali hununuliwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti na vinataja kanda ya hifadhi utakayoingia, kwa hiyo beba pasipoti halisi getini. Ranthambore omba kanda ya 3, yenye ziwa la Padam Talao. Bandhavgarh hufungwa Jumatano alasiri, usipange siku hiyo kamili. Na ukipandia ndege Kenya au Uganda, cheti cha homa ya manjano kiwe na siku 10 au zaidi. Bila hicho wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6, na safari yako yenyewe ni ya siku saba.

Sikio_Msituni
La maji: mara nyingi huingia kinyumenyume, matako kwanza, kwa sababu hapendi maji yamrukie machoni. Ukimwona amefika ukingoni akageuka na kukupa uso, usidhani anaondoka ukashusha kamera. Ndiyo anaanza kuketi.