Naomba ushauri: nitangazeje mechi za Free Fire bila kuwavunjia heshima wachezaji wa kusini?

Mtangazaji wa Chikongola (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Ninaishi Mtwara mjini, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitangaza kwa Kiswahili mashindano madogo ya Free Fire, mchezo wa simu ambao timu za watu wanne wanne hupigana kwa silaha mpaka ibaki moja, ambayo vijana wa hapa hucheza mtandaoni na timu za mikoa mingine. Kazi hii ninaipenda sana, ndiyo maana jambo lililotokea wiki iliyopita limeninyima raha.

Timu yetu ilikuwa uwanjani na timu nyingine 11, nyingi zikiwa za Dar es Salaam. Wenzetu wa Dar walishuka kwenye maeneo yenye watu wengi na kuanza kupigana papo hapo, ilhali vijana wetu walitua pembezoni, wakaokota silaha taratibu, wakajificha ndani ya nyumba na kusubiri duara, yaani eneo salama la kuchezea, lipungue. Nikasema hewani kwamba watu wa kusini tunacheza kwa woga. Mechi ilipokwisha, nahodha wa vijana wetu, ambaye tulikuwa tumekaa benchi moja, alinionyesha simu yake: kioo kimepasuka kwenye kona, kitufe cha kufyatulia risasi hakisikii kidole mpaka apanguse jasho na kupaka poda, na juu ya kioo alama ya mtandao ilikuwa nyekundu. Akaniuliza, "Kaka, kwa simu hii wewe ungekimbilia wapi?" Sikuwa na jibu.

Ninaomba mnisaidie: mtangazaji aelezeje tofauti za uchezaji kati ya mkoa na mkoa, akasema kweli, lakini asiwadhalilishe watu?

Binti wa Rahaleo

Kaka yangu, mimi ninacheza nikiwa Lindi na ninamwelewa nahodha huyo vizuri sana. Pingi ni muda ambao taarifa hutumia kutoka kwenye simu kwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, na kurudi, nao huhesabiwa kwa milisekunde. Mwenye pingi ya 60 akikutana ghafla mlangoni na mwenye 200, huyu wa pili huchelewa kumwona adui, na hata ukuta wa barafu anaouweka kujikinga na risasi huchelewa kusimama, hivyo mara nyingi huanguka huku kidole chake kikiwa kimeshabonyeza. Baada ya kuumia hivyo mara nyingi, mchezaji hujifunza kukwepa mapambano ya ana kwa ana, hutafuta umbali, huweka ukuta mapema na kuhama kabla duara halijamfikia. Hicho ulichokiita woga ni akili iliyojengwa na mazingira.

Mkazi wa Temeke

Ninamheshimu dada hapo juu, lakini tusifanye mtandao kuwa kinga ya kila kosa. Mashindano haya yana hesabu yake. Kwa utaratibu wa pointi uliozoeleka, timu ya kwanza kati ya 12 hupata pointi 12, ya pili 9, ya tatu 8, kisha pointi hupungua mojamoja, na kila adui anayeuawa huongeza pointi 1. Timu iliyojificha ikamaliza ya pili baada ya kuua wawili ina pointi 11. Iliyoua wanane ikaishia ya sita ina 13. Kwa hiyo kujificha kuna gharama, na mtangazaji anayeificha gharama hiyo anawanyima wachezaji wenyewe nafasi ya kujirekebisha. Sema kosa, ila lihusishe na uamuzi uliofanyika dakika ile. Usilihusishe na mkoa.

Mzee wa Mikindani

Mdogo wangu, mimi nimetangaza mpira kwa miaka mingi, na neno lako moja limenigusa: ulisema "watu wa kusini". Hapo ndipo ulipoteleza. Mtangazaji wa mpira hamwiti beki mwoga kwa sababu amerudi nyuma. Husema amerudi kuziba nafasi, kisha huwaacha wasikilizaji waone kama aliziba kweli. Tena kazi yako ni ngumu kuliko yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa na mpira mmoja wa kuufuata, nawe una watu 48 waliotawanyika, hivyo ukichagua kuonyesha wanaopigana tu, wanaojipanga wataonekana hawafanyi kitu. Tafuta mwenzako mgawane kazi: mmoja aseme kinachotokea, mwingine aeleze kwa nini kimetokea.

Mfuatiliaji wa Nachingwea

Ninaongeza mfano kutoka mbali. Katika Counter-Strike, mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa bunduki timu kwa timu, timu ya Denmark iitwayo Astralis ilitwaa mataji makubwa manne kati ya mwaka 2017 na 2019, na sifa yake kubwa ilikuwa kutulia, kurusha mabomu ya moshi kwa mpangilio na kumsubiri adui akosee. Uchezaji huo uliitwa nidhamu. Sasa nijiulize nawe: kwa nini utulivu wa Denmark uwe nidhamu, na wa Mtwara uwe woga? Free Fire yenyewe, tangu ilipotoka mwaka 2017, ilienea kwa sababu inakubali kwenye simu za bei nafuu. Brazil ni miongoni mwa nchi zilizoipokea kwa nguvu, na mwaka 2019 timu ya Corinthians ya huko ilitwaa ubingwa wa dunia wa Free Fire mjini Rio de Janeiro. Mwaka 2021, nchini Singapore, taji likaenda kwa timu ya Thailand. Wabrazil hutangaza kwa Kireno chao bila kuona haya, nasi tutangaze kwa Kiswahili chetu, lakini kwa haki.

Mtangazaji wa Chikongola (mleta uzi)

Nawashukuru sana, hasa Mzee wa Mikindani na ndugu yangu wa Temeke, maana mmenionyesha kwamba kuomba radhi na kusema makosa ya mchezo ni vitu vinavyoweza kwenda pamoja. Kuanzia sasa, kabla ya mechi nitawauliza manahodha wote pingi zao na aina ya simu wanazotumia, na dakika zile za mwanzo ambapo timu zinaokota silaha nitazitumia kueleza hali hiyo kwa wasikilizaji. Jana jioni nilimfuata nahodha nyumbani kwao nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Jumamosi timu yake haichezi, na amekubali kukaa nami kwenye maikrofoni kueleza kwa nini timu inahama au inabaki.

Ameomba jambo moja tu: atakapoona timu ya kusini imekosea, aachiwe aseme yeye kwanza.