Naomba ushauri: nichoreje ukoo wa Mfalme András III wa Hungaria?

Habari zenu wakuu. Naandaa mchoro wa ukoo wa Árpád, yaani ukoo wa wafalme wa Hungaria, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa historia, na nimekwama kwa András III, aliyetawala kuanzia 1290 hadi 1301.

Shida ipo kwa baba yake, István. Mfalme András II alifariki 1235 akamwacha mkewe wa tatu, Beatrice d'Este, akiwa mjamzito. Béla IV na Kálmán, watoto wa mke wa kwanza Gertrude (yule aliyeuawa 1213), wakadai mimba si ya baba yao. Beatrice akakimbia, akajifungua ugenini. István alikua bila kutambuliwa na kaka zake, baadaye akamwoa Tomasina Morosini wa Venice, wakamzaa András III. Mambo ya mirathi hayo, hata vijijini kwetu tunayajua!

László IV, mjukuu wa Béla IV, alipouawa 1290 bila mtoto, wakubwa wa Hungaria walimtawaza András. Dada wa László, Maria, malkia wa Napoli, akapinga na kumtaka mwanawe Charles Martel.

Sasa, István nimuunganishe na András II kwa mstari kamili, au wa nukta nukta kuonyesha nasaba yenye shaka? Mimi naelekea mstari kamili, maana tuhuma zilitoka kwa warithi wenye maslahi. Na upande wa Maria niuweke mchoro huohuo, ikizingatiwa mjukuu wake Charles I ndiye aliyekuja kutawala baadaye? Nahofia karatasi itajaa.