Naomba ushauri: mbegu ya pamba ya Bt imetutia hasara, tunataka kushtaki

Salamu kwenu ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa pamba huku Mpeketoni, Lamu.

Tangu serikali iidhinishe pamba ya Bt, yaani iliyobadilishwa vinasaba, mwaka 2019, tumekuwa tukielezwa kwamba inajikinga na funza wa vitumba. Msimu huu majirani kadhaa tulinunua pakiti kwa wakala mmoja. Sasa ukipasua kitumba unamkuta funza ndani, mnene, nyuzi zimeoza na kuwa nyeusi. Sisemi vidukari, hao tunajua Bt haiwazuii na tuliwapulizia dawa.

Wakala tulimpigia, akasema tulipanda vibaya. Kampuni ya mbegu haijatujibu barua. Afisa wa kilimo alikuja, akapiga picha na kutuandikia ripoti. Pakiti zenye namba ya loti na risiti tumezihifadhi, ila mbegu zenyewe hazikubaki.

Nimesoma kuhusu wakulima wa Marekani walioishtaki kampuni ya mbegu ya Monsanto mwaka 2011. Kesi ilitupwa kwa sababu mahakama haikuona mgogoro halisi. Yetu ni tofauti, hasara iko shambani na watu wana mikopo ya kulipa. Inaniuma sana.

Maswali yangu ni haya. Tuanzie KEPHIS (shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea), lile jopo la Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, au mahakamani moja kwa moja? Na bila mbegu iliyobaki, majani na vitumba vikipimwa maabara vinatosha kuwa ushahidi? Mashina bado yamesimama, hatujang'oa. Aliyewahi kupitia haya tafadhali anielekeze. Ahsanteni.