Gia ya distributa inalika meno kila mara, V8 350 yenye kamshafti ya rola

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri kwa wanaozifahamu V8 za Chevrolet.

Injini ni 350 (inchi za ujazo), awali ya tapeti bapa, iliyobadilishwa: kamshafti ya rola ya feleji (shafti inayofungua valvu), pampu ya oili ya ujazo mkubwa, oili 20W-50. Gia ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi), ile inayozungushwa na kamshafti na kuendesha pampu, meno yanalika mpaka yanachongoka kama wembe, kisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) inayumba injini ikiwa sailensi, yaani bila kukanyagwa mafuta. Gia ya kamshafti bado nzima.

Gia ya kwanza, ya chuma cha kusubu, ilikwisha, na hiyo haishangazi, haipatani na kamshafti ya feleji. Iliyofuata ni ya shaba nyeusi. Hiyo hulika kwa kawaida, lakini si kwa kasi hii, na filta imejaa vumbi la kung'aa.

Nimepima mchezo wa shafti ya distributa juu na chini: 0.6 mm. Shafti ya kati ya pampu haigusi mwisho. Presha ni psi 90 injini ikiwa baridi, 65 ikipata moto. Nimepaka rangi ya kukagulia mguso: alama iko ukingoni mwa jino, si katikati.

Nashuku kamshafti inatembea mbele, maana kemu za rola (vinundu vya kamshafti) hazina mteremko wa kuirudisha nyuma, na injini haina kitufe cha kuizuia, yaani kipande kidogo kinachokaa kati ya kamshafti na kava ya taimingi.

Je, kitufe kitafaa na kava ya taimingi ya bati, au itapinda tu? Na nikirudi pampu ya kawaida na 10W-30, mzigo kwenye gia utapungua vya kutosha?