Vifaa vya kupimia na kuchorea mistari: kipi kinunuliwe kizuri, kipi hata cha bei chee kinatosha?

mbao_na_msumari

Wakuu, habari zenu. Najipanga kuanza kazi za ndani: makabati, rafu, fremu za milango, vigae, na vikuta vidogo vidogo. Mfuko hauruhusu kila kitu kiwe cha daraja la juu. Orodha yangu ni tepu ya mita 5, pima maji (ile ya kiputo), skwea, timazi (uzito wa kuning'iniza kwa uzi kuonyesha wima), uzi wa chaki na mahati (ya kuchorea mstari sambamba na ukingo wa mbao). Kuna pia leza ndogo ya mistari miwili, ila nikiichukua hiyo vingine vyote vitabidi viwe vya chini kabisa.

Naomba kujua mambo mawili. Pesa niielekeze wapi? Na nikiwa dukani, kabla sijalipa, nitajuaje kuwa kifaa cha bei rahisi kinasema kweli?

kiputo_katikati

Pima maji kwanza, skwea ya pili. Leza iache kwa sasa. Leza ndogo nyingi zimeandikwa kosa la milimita 3 kwa mita 10, juani mstari wake hauonekani, na ikishaanguka huna haki ya kuiamini mpaka uipime upya. Utaipimia nini? Pima maji au mpira wa maji (bomba laini mwangavu lenye maji, la kulinganisha usawa), vilevile ulivyotaka kuvikwepa.

Pima maji haichaguliwi kwa rangi wala kwa jina. Ilaze kwenye kaunta, weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, utazame kiputo kimeegemea wapi. Igeuze sasa: ncha ya kushoto ije kulia, tumbo lilelile likiwa chini, ncha zikae kwenye alama zilezile. Kama mwanzo kiputo kiliegemea upande wa mlango wa duka, sasa hivi nacho lazima kiegemee mlangoni, kwa kiasi kilekile. Kikihamia upande wa pili, au kikibadilisha kiasi, irudishe na uombe nyingine. Kaunta yenyewe haihitaji kunyooka kwa maji, ndiyo maana jaribio hili linafanyika popote. Muuzaji akikasirika, nenda duka jingine.

Kichupa cha wima, kile chenye kiputo cha kusomea wima, kijaribu ukutani. Simamisha pima maji mpaka kiputo kikae katikati, chora mstari ukifuata ubavu mmoja. Izungushe ili ubavu uleule uje kwenye mstari huo ukitokea upande wa pili, anza kwenye alama ileile ya chini, chora tena. Mistari ikiachana kwa juu, mwanya huo ni kosa mara mbili. Wengi hujaribu kichupa cha ulalo peke yake, halafu wanashangaa mlango unajifungua wenyewe.

Nzuri huwa na kosa la milimita 0.5 kwa mita, na hizi za bei rahisi mara nyingi ni milimita 1. Kwa fremu ya mita 2 hiyo ni milimita 2, utaishi nayo. Tatizo linaanza unapohamisha usawa hatua kwa hatua: mita 10 kwa kifaa cha milimita 1 unafika ukiwa umekosea sentimita nzima, kwa kuwa kosa linaelekea upande mmoja kila hatua. Dawa yake haina gharama. Geuza ncha za pima maji kila unaposogea, na hatua ziwe shufwa. Kosa la hatua hii linafutwa na la hatua inayofuata.

Urefu: chukua ya sentimita 60, halafu tafuta bomba la aluminiamu la pembe nne lenye mita 2, lililonyooka. Pima maji ikikaa juu yake unapata karibu ya mita 2. Usichukue yenye vichupa vya skrubu kwa kudhani utakuwa unairekebisha. Skrubu hizo hulegea zenyewe. Vichupa vilivyogandishwa kwa gundi ngumu, vikipita jaribio la kwanza, havihami kirahisi.

Tepu nayo: utepe wa upana wa milimita 25 unasimama mbali bila kukunjika kuliko ule mwembamba. Tafuta namba II ndani ya duara-yai kwenye utepe. Hilo ni daraja la usahihi, na kwa mita 5 linaruhusu kosa la milimita 1.3. Ndoana ya mwanzo inatikisika, na ndivyo inavyotakiwa: husogea kiasi cha unene wake, ili kipimo cha kuvuta na cha kusukuma vitoke sawa. Ikiwa imekaza au inacheza zaidi ya hapo, weka chini. Kwa kazi ya makabati anzia kwenye alama ya sentimita 10 kisha utoe 10, ndoana isiingie kwenye hesabu kabisa.

randa_kavu

Naongezea kwenye skwea. Chukua kipande cha plaiwudi chenye ukingo wa kiwandani, uweke mpini wa skwea kwenye ukingo, chora mstari kwa penseli iliyochongwa kali. Geuza skwea tumbo juu, chora mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilalana, skwea ni nzima. Ikiachana milimita 1 kwenye urefu wa sentimita 30, kosa lako ni nusu milimita. Ukingo ukiwa na tumbo jaribio linadanganya, kwa hiyo uukague kwanza kwa rula ya chuma.

Skwea kubwa ya bati nene, ile ya herufi L, ikipoteza pembe yake ya 90 inarekebishika. Pembe imebana kuliko 90: piga panchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo) mara chache karibu na kona ya ndani, chuma hutanuka hapo na miguu hufunguka. Imefunguka sana: piga karibu na kona ya nje. Pigo moja, pima, pigo jingine. Usifanye kwa aluminiamu.

Ile yenye kichwa kinachoteleza kwenye rula inafaa sana kwa useremala maana ni skwea, kipimo cha kina na mahati kwa pamoja. Ila kwenye za bei chee, kibanio ndicho kinachokufa. Kaza, kisha jaribu kuitikisa rula kwa kidole gumba. Ikicheza hata kidogo, achana nayo.

Mahati usinunue ghali. Kipande cha mbao ngumu, kijiti cha mraba, kabari, na msumari uliochongwa ubapa kama kisu vinatosha. Ncha ya mviringo inachana nyuzi za mbao.

mpira_wa_maji

Watu wanausahau mpira mwangavu, wakati kwa chumba kizima au msingi unaipita pima maji yoyote. Kipenyo cha ndani milimita 8 hadi 10, urefu mita 10 hadi 15. Ujaze kwa kunyonya maji kutoka kwenye ndoo iliyo juu, si kwa kumimina, kwani kumimina kunaingiza mapovu, na povu moja katikati linaharibu usawa wote. Uufuatilie kwa macho kutoka ncha hadi ncha. Ukisoma, ncha zote ziwe wazi. Ukiziba moja kwa gumba maji hayatembei. Usiache nusu juani na nusu kivulini, maji ya moto ni mepesi na yatasimama juu zaidi.

Timazi ya bei yoyote ni sawa, mradi ncha iwe chini ya uzi kamili. Ining'inize, izungushe taratibu: ncha ikichora duara, imepinda. Gramu 300 zinatosha. Upepo ukisumbua, iache izame kwenye ndoo ya maji, itatulia haraka, ila isiguse kitako.

mbao_na_msumari

Nimewaelewa, shukrani. Kona ya kuta zinazozidi urefu wa skwea je? Na uzi wa chaki nichukue rangi gani?

kiputo_katikati

Tatu-nne-tano. Mita 3 upande mmoja, 4 wa pili, kati ya ncha lazima zitoke 5 kamili. Nafasi ikiruhusu tumia 6, 8 na 10, kosa la kusoma linapungua uzito. Kisha pima hanamu zote mbili za mstatili, yaani kona hadi kona ya mkabala. Kwa chumba cha 3 kwa 4, hanamu zikitofautiana milimita 10, sogeza ule ukuta wa mita 4 wa mbele kama milimita 6 kuelekea kwenye kona yake inayoguswa na hanamu fupi, uende sambamba na mwenzake, kisha upime tena.

Chaki: bluu. Nyekundu haitoki, itajitokeza hata juu ya rangi nyeupe. Kwa mstari mrefu, bana uzi katikati kwa kidole, upige nusu hii kisha ile, na uuvute wima kabisa kutoka kwenye uso. Ukiuvuta kwa kuuinamisha, mstari unatoka na tumbo.